Mashine imefika na kutu, bima imekataa: bima ya mzigo wa baharini hailipi nini?

Swali la msomaji: "Nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Kizota, Dodoma. Mwezi wa pili niliagiza mashine ya kukamua na chujio lake kutoka Qingdao, Uchina. Bima nilikata hapa nchini, na hati imeandikwa vifungu A, hatari zote, kutoka ghala la muuzaji hadi kiwandani kwangu. Kontena lilikaa bandarini Dar es Salaam wiki saba kwa sababu ya kasoro za karatasi. Tulipolifungua Dodoma tukakuta skrubu ya kukamulia ina kutu, mota haiwaki, na boksi moja la vipuri halimo. Msimu nao ukawa umenipita nusu. Kampuni ya bima imekataa vyote vinne. Kama hatari zote si haya, basi bima hii hailipi nini? Nauliza pia kwa sababu nimepata mteja wa mashudu nje ya nchi na sitaki yajirudie."

Dada yangu, pole kwa hasara na pole kwa msimu. Barua ya kampuni uliyoniambatishia ina aya nne fupi, kila moja ikikataa dai moja. Aya inayohusu msimu uliopotea iko sahihi, na sitakupa matumaini ya uongo juu yake. Hizo tatu nyingine zimeandikwa kwa haraka mno, na una haki ya kudai majibu yaliyoshiba kuliko hayo. Nitazipitia zote, lakini kwanza tuelewane kuhusu kitu ulichonunua.

Vifungu A ni vya London: ni seti pana kuliko zote kati ya seti tatu za masharti ya bima ya mizigo, A, B na C. Vilitoka mwaka 1982, vikarekebishwa mwaka 2009, na ndivyo vinavyotumika sehemu kubwa ya dunia kwa bima ya mizigo. Ndani yake vimeandikwa kwamba vinafuata sheria na desturi za Uingereza, ndiyo maana hati iliyotolewa Dar es Salaam au Dodoma inabeba nyuma yake hukumu za mahakama za huko. Hukumu moja ya mwaka 1921 inakuhusu moja kwa moja. Marobota ya sufu yalisafirishwa kutoka Patagonia, Amerika ya Kusini, yakafika yameloa, na mwenye nayo alikuwa na bima ya hatari zote. Majaji walisema hana haja ya kuonyesha ni mvua ipi au wimbi lipi lililoyalowesha. Inatosha aonyeshe kwamba mzigo ulipatwa na ajali fulani njiani. Lakini walisema pia kwamba bima inalinda jambo linaloweza kutokea au lisitokee. Lile ambalo lingetokea tu, kwa sababu mzigo wenyewe ndivyo ulivyo au kwa sababu siku zimepita, bima hailigusi.

Basi kwa kila hasara uliyoipata, jiulize: kuna kitu gani kilichotokea kutoka nje ya mzigo, ambacho hakikuwa lazima kitokee? Ukikipata, dai lako lina miguu. Usipokipata, maneno "hatari zote" hayatakusaidia hata yakiandikwa kwa herufi kubwa.

Tuanze na kutu, maana ndipo penye mambo mengi. Kampuni imeandika kwamba ufungashaji haukutosha. Kifungu cha 4.3 kinawapa nafasi ya kusema hivyo: hasara hailipwi ikiwa imesababishwa na ufungashaji au maandalizi yasiyoweza kuhimili mambo ya kawaida ya safari, endapo ufungashaji huo ulifanywa na mwenye bima au wafanyakazi wake, au ulifanyika kabla bima haijaanza. Huo mkia wa mwisho ndio unaowaumiza waagizaji wetu. Hukuifunga wewe mashine, waliifunga kiwandani Qingdao, lakini waliifunga kabla bima yako haijaanza kufanya kazi. Uzembe wao unakuangukia wewe.

Fikiria safari yenyewe. Mwezi wa pili Qingdao kuna baridi, na chuma kinaingia kwenye kontena kikiwa cha baridi. Kinafika Dar es Salaam masika, hewa imejaa joto na unyevu. Hewa hiyo ikigusa chuma, unyevu wake unageuka matone juu ya chuma. Mbao mbichi za kreti nazo zinatoa maji yake humo humo ndani. Haya ni mambo ya kawaida ya safari hiyo, hakuna anayesafirisha mashine asiyeyajua. Ndiyo maana mashine hupakwa grisi au mafuta ya kuzuia kutu, ikafungwa kwa plastiki isiyopitisha unyevu na kutiwa vifuko vya kunyonya unyevu. Kama yako ilikuja na turubai tu juu ya chuma kitupu, kampuni ina hoja, na mtu wa kumdai ni muuzaji.

Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikata shauri la namna hii mwaka 1990. Glavu za ngozi zilitoka Calcutta kwenda Rotterdam ndani ya makontena, zikafika zimeloa na kuota ukungu. Maji yalikuwa yamedondoka kutoka kwenye paa la kontena, na mwenye mzigo akadai kwamba hayo yametoka nje. Mahakama ikauliza: yalifikaje kwenye paa? Yalitoka kwenye glavu zenyewe, zilizofungwa zikiwa na unyevu, yakapanda kama mvuke na kurudi chini baada ya kukutana na bati la baridi. Ikahesabiwa kuwa ni kasoro ya asili ya mzigo, na dai likaanguka. Kumbuka kesi hii, maana tutairudia kwenye mashudu yako.

Lakini kuna maji ya aina nyingine kabisa. Kontena linaweza kuwa na tundu kwenye paa au mpira wa mlango uliochanika, na mvua ya masika ikaingia wiki zote hizo saba uani. Maji ya bahari nayo huingia kwa njia hiyo hiyo. Hiyo ni ajali iliyotoka nje, na vifungu A vinailipa. Tena bima yako inaanza pale mzigo unaposogezwa ghalani kwa ajili ya kupakiwa, kwa hiyo kontena bovu ambalo wewe hukulijua halikuzuii kudai.

Kutofautisha maji na maji si uganga. Mkaguzi wa hasara hudondoshea kemikali iitwayo nitrati ya fedha kwenye sehemu iliyoloa. Tone likigeuka jeupe kama maziwa, kuna chumvi, na chumvi ya namna hiyo kwa kawaida haitoki kwenye unyevu wa hewa. Kisha mtu huingia ndani ya kontena mchana, milango ikafungwa, akatazama kama mwanga unapenya. Vilevile sura ya kutu ina maneno yake: iliyotokana na unyevu wa hewa husambaa juu ya chuma chote, iliyotokana na maji yaliyovuja huacha michirizi na kukusanyika upande mmoja. Barua yako haitaji kipimo hata kimoja kati ya hivi. Waandikie uombe ripoti nzima ya mkaguzi, na uulize waziwazi maji yalitoka wapi. Kanuni ni kwamba wewe ukishaonyesha mzigo uliondoka mzima na ukafika na dosari inayoashiria ajali, anayetaka kujificha nyuma ya kifungu cha kutolipa ndiye mwenye wajibu wa kukithibitisha. Kama kontena bado hujalirudisha, pigeni picha paa lake, pembe zake na mpira wa milango leo hii.

Mota ni fupi zaidi. Kampuni imesema haina alama ya kugongwa, kwa hiyo ni hitilafu ya umeme au ya mitambo. Sasa angalia vizuri: kifungu cha kutolipa hitilafu ya umeme na mitambo hakimo ndani ya vifungu A. Ni nyongeza ambayo kampuni nyingi huibandika kwenye hati za mashine. Isome hati yako ukurasa kwa ukurasa. Kikiwemo, wameshinda, isipokuwa uonyeshe dalili ya nje kama kreti iliyovunjika au maji ndani ya mota. Kama hakimo, hoja yao inabaki kwamba mota ilitoka kiwandani ikiwa mbovu, na hapo ripoti ya majaribio ya kiwanda kabla ya kupakia ina thamani kubwa kwako. Mwombe muuzaji. Na fundi wako akiifungua, afungue mbele ya mkaguzi. Mota yenye kutu ndani ya nyaya zake inaungana na dai la maji, haibaki kuwa dai la peke yake.

Nina neno hapa kwa madalali wenzangu wa bima. Kumpa mteja karatasi moja yenye maneno "vifungu A, hatari zote", bila vifungu vyenyewe wala nyongeza zake, ni kumdhulumu. Mteja anajua alichonunua siku anapokataliwa. Wewe dada unayo haki ya kupewa maandishi yote kabla ya kulipa ada, na ukiyaomba hakuna atakayekuona msumbufu isipokuwa mwenye la kuficha.

Boksi la vipuri limekataliwa kwa hoja ya sili, ile lakiri ya mlango wa kontena: kontena lilifika Dodoma na sili haijavunjwa, kwa hiyo boksi halikuwahi kupakiwa. Hoja hii ina nguvu yake. Bima inalinda mzigo uliokuwepo, na kama boksi lilibaki Qingdao hakuna kitu kilichopotea njiani. Lakini usiikubali kabla hujalinganisha namba. Chukua namba ya sili iliyo kwenye hati ya shehena ya meli, ile mnayoiita BL, uiweke kando ya namba ya sili iliyokatwa kiwandani kwako. Kontena lililokaa wiki saba kwa sababu ya karatasi huenda lilifunguliwa kwa ukaguzi na kuwekwa sili mpya. Namba zikitofautiana, maana yake milango ilifunguliwa mahali fulani, na hoja ya kampuni inalegea. Wakala wako wa forodha anapaswa kuwa na kumbukumbu ya ufunguzi huo.

Uzito nao husaidia pale kilichopotea ni kizito. Tangu Julai 1, 2016, kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka kila kontena lipimwe uzito na kutangazwa kabla ya kupakiwa. Lori lako nalo lilipita mizani ya Vigwaza na Mikese. Ukichukua hizo karatasi, ukatoa uzito wa lori, unaweza kuona kama kulikuwa na pengo kubwa. Kwa boksi dogo la vipuri tofauti itamezwa na makosa ya mizani, kwa hiyo usiitegemee hiyo peke yake. Sili ndiyo shahidi wako mkuu.

Msimu sasa. Kifungu cha 4.5 hakina huruma: hasara iliyosababishwa na ucheleweshaji hailipwi, hata kama ucheleweshaji wenyewe umesababishwa na hatari iliyokatiwa bima. Sheria ya bima ya baharini ya Uingereza ya mwaka 1906, kifungu cha 55, inasema hivyo hivyo. Watu wa Dodoma mnalijua hili bila kusoma sheria. Machi 2020, pale Kiyegeya mkoani Morogoro barabara ilipokatwa na maji, malori yalisimama pande zote mbili. Lori ambalo lingetumbukia kwenye maji siku ile, mzigo wake ungekuwa na dai chini ya vifungu A. Lori lililosimama likisubiri huku nyanya zikioza, halina. Reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe imesombwa na mafuriko zaidi ya mara moja kwa miaka mingi, na jibu ni lile lile. Soko lililokimbia, faida uliyotarajia, vibarua uliowalipa bila kazi, tozo za kuchelewesha kontena na za kukaa bandarini, hakuna hata moja linalolipwa kwa bima ya mzigo. Desturi ya kukata bima kwa thamani ya bidhaa pamoja na bima na nauli, halafu kuongeza asilimia 10, inakupa fidia kidogo ya usumbufu, lakini hutolewa mzigo wenyewe unapoharibika au kupotea. Haitolewi kwa kuchelewa.

Na wiki saba zile, dada, zilikuwa hatari kuliko unavyodhani. Bima hukoma siku 60 baada ya mzigo kuteremshwa kutoka melini kwenye bandari ya mwisho, hata kama haujafika kwako. Ulikuwa ndani ya muda. Wiki mbili zaidi na lori lingekuwa linapanda kuja Dodoma bila bima yoyote, na hakuna ambaye angekupigia simu kukwambia. Tena vifungu vinataka mwenye bima achukue hatua kwa haraka inayostahili katika yale yaliyo mikononi mwake. Kama kasoro za karatasi zilikuwa zako, tarajia kampuni ilitumie hilo. Ukiona mzigo unakwama, mwandikie dalali wako kabla ya siku ya 60 aombe nyongeza ya muda. Mara nyingi hutolewa kwa ada ndogo.

Bima hukoma pia siku unapoamua kuligeuza kontena au lori kuwa stoo. Nawaona wafanyabiashara wengi wakiliweka kontena uani, wakauza mzigo mlangoni kidogo kidogo kwa mwezi mzima, wakiamini bima ya baharini bado ipo. Haipo. Moto ukitokea hapo, wa kuulizwa ni mwenye bima ya moto ya jengo na stoo.

Kuna mambo ambayo hukuyauliza, lakini kwa kuwa utaagiza tena lazima uyajue. La kwanza na kubwa kuliko yote ni bei ya CIF, ile ambayo muuzaji anajumlisha bidhaa, bima na nauli. Wewe ulikata bima yako mwenyewe, na ndivyo sheria yetu inavyotaka: mzigo unaoingia nchini ukatiwe bima na kampuni iliyosajiliwa Tanzania. Bado wapo wanaolipa CIF Dar es Salaam na kuridhika na bima ya muuzaji. Kwa kanuni za biashara za kimataifa za mwaka 2020, muuzaji wa CIF anatakiwa kukata kiwango cha chini tu, yaani vifungu C, tena hadi bandari iliyotajwa. Vifungu C vinalipa moto, mlipuko, meli kuzama au kukwama, lori kupinduka, treni kuacha reli, na mengine machache ya ukubwa huo. Wizi haumo. Mvua haimo. Hata maji ya bahari yakiingia ndani ya kontena hayamo, hayo yanaanzia kwenye vifungu B. Na kipande chote cha kutoka bandarini kupitia Morogoro na Gairo hadi Dodoma kinaweza kuwa nje kabisa ya hati. Bima ya lori, ile ya lazima ya watu wa tatu, haimlipi mwenye mzigo uliomo ndani ya lori hilo hilo.

Vita vimetengwa katika vifungu vyote vitatu, pamoja na mabomu na silaha zilizoachwa baharini. Maharamia, kwa vifungu A, wanalipwa, makombora hayalipwi. Mzigo wa kutoka Uturuki au Ulaya unaopita Bahari Nyekundu umekuwa na tatizo hilo tangu mashambulizi ya Wahouthi yalipoanza mwishoni mwa 2023, na Machi 2024 meli ya Rubymar ilizama huko ikiwa na mbolea baada ya kupigwa. Vifungu vya vita hununuliwa kando, vivyo hivyo vile vya migomo, ghasia na ugaidi. Lakini ujue kwamba kinga ya vita inafanya kazi mzigo ukiwa majini tu. Ukishafika nchi kavu imekwisha.

Kampuni ya meli ikifilisika, kuna kifungu chake pia. Hanjin ya Korea Kusini iliposimama mwishoni mwa Agosti 2016, makontena yalikwama baharini na bandarini duniani kote. Kwa maandishi ya mwaka 2009 unazuiwa kudai pale tu ulipojua, au ulipaswa kujua, wakati wa kupakia kwamba ufilisi huo ungeweza kukatisha safari. Hata hivyo gharama za kuukomboa mzigo na kuupeleka mbele kwa meli nyingine, zikitokana na ufilisi, hubaki kwako. Nauli ya chee kutoka kwa kampuni usiyoijua uipime kwa mizani hiyo.

Na mzigo hewa. Mtu amelipa, kontena limefika na mawe, au na mashine ya kiwango kingine kabisa. Anakimbilia bima. Bima ya mzigo haimdhamini muuzaji wako; inalinda vitu vilivyokuwepo na vilivyoanza safari. Vivyo hivyo mzigo uliozuiwa na Shirika la Viwango kwa kukosa ubora: uamuzi wa mamlaka si ajali ya safari. Kinga yako hapo ni mkaguzi huru anayesimama kiwandani wakati wa kupakia, na malipo kupitia benki yanayotegemea hati yake.

Sasa ufanye nini na barua uliyonayo? Waandikie kampuni ya bima barua moja, aya kwa aya, ukidai ripoti ya mkaguzi na kifungu kamili wanachokitegemea kwa kila dai. Siku hiyo hiyo mwandikie mwenye meli na msafirishaji wa lori kwamba utawadai kwa hasara hiyo. Hili si la hiari: kifungu cha 16 kinakutaka upunguze hasara na kulinda haki ya kuwadai waliobeba mzigo, na ukiizembea, kampuni ya bima inaweza kukugeuzia kibao. Kwa hati nyingi za meli, dosari isiyoonekana kwa macho inatakiwa kutolewa taarifa ndani ya siku 3 tangu kupokea, na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka 1. Kama uliisaini karatasi ya dereva bila kuandika dosari yoyote, sema sababu: makreti yalikuwa yamefungwa. Kampuni ikishikilia msimamo wake bila ushahidi, malalamiko yanapokelewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo makao yake makuu yako hapo hapo Dodoma, na ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa wasioweza kwenda mahakamani. Nenda na karatasi zilizopangwa kwa tarehe.

Mashudu nimeyaacha mwisho kwa sababu yananitia wasiwasi kuliko mashine. Kwenye mashine wewe ulikuwa mnunuzi. Huku wewe ndiye muuzaji, na mzigo wenyewe una tabia ya kujichoma. Mashudu ya mashine ya skrubu yanabaki na mafuta mengi. Mafuta yale yakikutana na hewa na unyevu yanazalisha joto, na yakishindiliwa ndani ya kontena kwenye jua la Dodoma na baadaye juu ya sitaha ya meli, yanaweza kuwaka yenyewe. Kwa kanuni za kimataifa za mizigo hatari yamo daraja la 4.2, vitu vinavyoweza kujiwasha. Mashudu yenye mafuta zaidi ya asilimia 1.5 na unyevu usiozidi asilimia 11 yana namba yake ya Umoja wa Mataifa, UN 1386. Yasipotangazwa kwa mwenye meli na kwa kampuni ya bima, utakuwa umeficha jambo ambalo mtoa bima yeyote mwenye busara angetaka kulijua, na hati nzima inaweza kukataliwa, si dai moja tu.

Joto la namna hiyo, ukungu, na kujiwasha bila cheche kutoka nje, ni kasoro ya asili ya mzigo. Kifungu cha 4.4 kinaitenga, kama ilivyokuwa kwa zile glavu. Majaji wa Uingereza waliieleza kasoro hii mwaka 1983 katika kesi ya maharage ya soya yaliyopata joto safarini kutoka Indonesia kwenda Ulaya: ni kuharibika kunakotokana na tabia ya mzigo wenyewe katika safari ya kawaida, bila ajali yoyote kutoka nje. Lakini katika kesi hiyo mwenye soya alilipwa! Alilipwa kwa sababu hati yake ilikuwa imetaja kwa maneno hatari ya joto, jasho na kujiwasha. Sheria inaruhusu kasoro ya asili ikatiwe bima pale mkataba unaposema hivyo. Kwa hiyo omba nyongeza hiyo kwa jina. Wakikubali watakuwekea masharti ya unyevu na cheti cha maabara, na ni haki yao.

Kupungua uzito kwa kawaida hakulipwi. Mashudu yanakauka njiani, na hati nyingi hukata asilimia fulani kabla ya kuhesabu upungufu. Iulize asilimia hiyo, uilinganishe na ile iliyo kwenye mkataba wako wa mauzo, maana mnunuzi akikukata asilimia 1 na bima ikalipa kuanzia upungufu unaozidi hapo, pengo ni lako.

Halafu mteja wako atakwambia anataka FOB Dar es Salaam, yaani wewe uufikishe mzigo hadi ndani ya meli, na kwamba bima ataishughulikia yeye. Usisikie hapo kwamba umetua mzigo. Kwa FOB hatari inahama pale mashudu yanapokuwa ndani ya meli. Kutoka Kizota hadi hapo, lori likipinduka mteremko wa Gairo au mvua ikiyakuta uani bandarini, hasara ni yako, na bima ya mnunuzi haikujui. Kata bima ya kipande hicho, ya mzigo wenyewe, kwa jina lako. Kabla hata ya kusaini mkataba, acha mashudu yapoe siku kadhaa kwenye sakafu kavu baada ya kukamuliwa, pima unyevu na mafuta kwenye maabara inayotambulika, na kila kontena litolewe sampuli mbili zilizofungwa kwa lakiri, moja ya mnunuzi na moja ya kwako.